Joto Lisilofuata Mwezi

(Hotuba hii, kuhusu mashine inayojiendesha ya kupima joto la bahari, niliitoa skulini, katika kijiji kimoja cha mwani mashariki mwa Unguja, mbele ya wakulima wa mwani, wavuvi, wanafunzi na wageni waliotoka mjini. Nimeinyoosha kidogo katika kuiandika, mizaha nimeiacha.)

Assalaam alaykum. Wazee wetu, Mheshimiwa Sheha, Bwana Diko, kina mama, wanafunzi, na wageni wetu wa mjini: ahsanteni kwa kuja.

Asubuhi, kabla ya mkutano, nimeteremka ufukweni. Nimemkuta bibi mmoja anafumua taitai kuukuu, vile vikamba vya kufungia mwani. Nikamwamkia, nikamuuliza leo maji yanakupwa saa ngapi. Hakuangalia saa wala simu. Alihesabu kwa vidole, akanambia: "Leo mwezi una siku tisa, mwanangu. Maji mafu, hayaendi mbali. Ungetaka kuiona bahari tupu ungekuja bamvua." Mimi simuni mwangu nina jedwali la maji la mwaka mzima. Nimelifungua kwa kificho, kama mwanafunzi anayechungulia daftari chumba cha mtihani. Bibi yuko sawa.

Na ndiyo maana mkutano umewekwa leo. Ingekuwa bamvua, saa nne hii kina mama mngekuwa shamba, na mimi ningezungumza na viti.

Kisha nikamuuliza swali la pili. Jana saa nane mchana, maji yaliyokuwa juu ya mwani wako yalikuwa na joto kiasi gani? Akacheka. "Moto." Moto kiasi gani, bibi? "Moto wa kutosha." Umezidi wa mwaka jana? Akanyamaza, akaivuta taitai moja mpaka ikakatika, akasema: "Hapo sijui. Zamani tulikuwa tunajua."

Maji kujaa na kupwa yanafuata mwezi na jua, na mambo hayo hayana ubishi. Aliyeyahesabu babu yake na anayeyahesabu leo wanapata jibu moja. Upepo nao ulikuwa na zamu zake, kaskazi na kusi, na mkulima wa mwani alijua mwezi gani atavuna na mwezi gani atapumzika. Joto la maji lilikuwa linakwenda na zamu hizo. Sasa limeacha. Linaweza kupanda siku kumi mfululizo katika mwezi ambao hakuna mzee aliyelitarajia, likashuka, likarudi. Kitu kilichopoteza zamu yake huwezi kukihesabu kwa vidole. Inabidi ukae nacho usiku na mchana ukiandika, na hakuna binadamu atakayekaa magotini baharini siku 365. Kazi hiyo, na hiyo tu, ndiyo ninayotaka tuipe mashine, ijiendeshe yenyewe.

Wageni wetu wa mjini wataniambia: lakini setilaiti zipo. Kweli zipo. Shirika la Marekani la bahari na anga, NOAA, linaangalia joto la maji ya matumbawe dunia nzima, kila siku, na kutazama ni bure. Hesabu yao ni nzuri na inafaa kuijua. Wanachukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko miezi yote. Maji yakipita hapo kwa nyuzi 1 wanaanza kujumlisha, wiki kwa wiki. Jumla ikifika 4, matumbawe yanatarajiwa kupauka. Ikifika 8, upaukaji ni mkubwa na baadhi hufa. Aprili 2024 walitangaza kwamba dunia imeingia katika upaukaji mkubwa wa nne. Wa kwanza ulikuwa 1998, na wapiga mbizi wa umri wangu wanaukumbuka: mwamba mzima mweupe kama umepakwa chokaa.

Sasa simameni hapo mlangoni mtazame nje. Kutoka mchangani mpaka kwenye mwamba unaovunja mawimbi ni mwendo wa kilomita moja na kitu. Kila kipande cha picha ya setilaiti ile ni mraba wenye upande wa kilomita 5. Mashamba yote ya kijiji hiki yamemezwa ndani ya mraba mmoja, na sehemu kubwa ya mraba huo ni bahari kuu. Halafu joto wanalolisoma ni la usiku, kwa sababu jua la mchana huwachafulia hesabu, na ni la uso wa maji tu. Mwani wetu unaungua saa saba mchana kwenye maji ya magotini. Setilaiti inapima usiku, mbali na hapa. Siilaumu, haikutengenezwa kwa ajili ya shamba la mama Mwanaisha. (Kuna mama Mwanaisha hapa? Wako wanne! Basi wote.)

Na mwani una mpaka wake. Watafiti waliupima mwani mnene, ile aina ya cottonii, ndani ya matangi wakaona kwamba joto likifika nyuzi 33 mpaka 35, matawi yanaanza kupauka, yanalainika na kukatika. Nyinyi mnakijua kitu hicho kuliko mimi: unakwenda shamba unakuta kamba ina vipande vyeupe kama barafu, ukishika kinabaki mkononi. Mwani mnene umewakimbia wengi wenu hivyo hivyo, mkabaki na mwembamba, ambao bei yake mnaijua. Kilimo hiki kilianza kwa biashara hapa mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na mwani wa kuvuna unataka wiki sita hivi. Wiki moja ya joto katikati ya hizo sita inatosha kuharibu zote.

Sasa nionyeshe nilichokileta. Hiki hapa, kipitisheni, msiogope, hakiumi. Kinatosha ndani ya chupa ya maji. Ncha hii ya chuma ndiyo inayohisi: umeme unapita ndani yake kwa urahisi au kwa taabu kutegemea joto, na kidude kidogo kinageuza taabu hiyo kuwa namba. Upande huu kuna kihisi cha mgandamizo. Maji yakipanda sentimita 1, mgandamizo unaongezeka kama milibari 1, kwa hiyo kinajua kina cha maji kilipo. Ndani kuna betri, na kifaa kinalala karibu muda wote. Kila baada ya dakika 10 kinaamka, kinapima, kinaandika, kinalala tena. Kuamka kwake hakufiki muda wa kupiga chafya mbili.

Vijana waliniuliza mlangoni kama kina intaneti. Hapana, na hakiwezi kuwa nayo kikiwa chini. Maji ya chumvi yanameza mawimbi ya redio. Mwenye kubisha atie simu yake ndani ya ndoo ya maji ya bahari aone kama itaita, na simu hiyo asije kunidai. Kwa hiyo kihisi kiko chini, waya unapanda juu ya nguzo ya mkoko mpaka kwenye antena, na hapo kuna redio ndogo ya Lora, ambayo inatuma maneno machache sana kwa umeme mdogo sana lakini yanafika kilomita kadhaa. Kipokezi tutakiweka juu ya paa la skuli hii, Mwalimu Mkuu ameshakubali. Kutoka paani, namba zinakwenda kwa mtandao wa simu wa kawaida.

Sisi mafundi tunapenda kuzungumzia redio. Mimi ningependa zaidi mzungumzie ndoo ya barafu. Unaponda barafu, unatia maji kidogo baridi, unakoroga, unatumbukiza kihisi. Lazima kisome 0. Kikisoma 0 na nusu, ujue tangu lini kinasema uongo, urudi kwenye daftari. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya kazi hii kila mwezi, na ikifanywa, namba za kijiji hiki zitaaminika Dar es Salaam, Mombasa na kokote. Isipofanywa, tuna chupa inayoelea.

Basi mbona niseme "mashine ijiendeshe"? Kupima peke yake si kujiendesha. Nitawapa mfano wa kifaa kinachojua lini kuamka.

Katika bahari za kina kirefu kuna maboya yanayoitwa DART, ya kuvizia tsunami. Chini kabisa, sakafuni mwa bahari, kuna kihisi cha mgandamizo. Juu linaelea boya. Kwa kuwa redio haipiti majini, cha chini kinampigia kelele cha juu kwa sauti, na cha juu kinapeleka kwa setilaiti. Siku za kawaida kinasema kidogo tu. Lakini ndani yake kuna hesabu inayotabiri maji yanapaswa kuwa na kimo gani dakika hii, kwa kufuata maji yalivyokwenda saa chache zilizopita. Kimo halisi kikikengeuka kwa sentimita 3 tu, kinaacha kusubiri amri ya mtu, kinaanza kutuma mfululizo. Sentimita 3, juu yake maelfu ya mita za maji.

Tulikihitaji kitu kama hicho Jumapili ya tarehe 26 Disemba 2004. Ardhi ilitikisika upande wa Sumatra karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi yalichukua zaidi ya saa nane kuivuka bahari mpaka kwetu. Saa nane! Mtu angeweza kutembea kwa miguu kijiji hadi kijiji akiwaambia watu. Somalia walikufa karibu watu 300, Tanzania zaidi ya 10, Kenya mmoja. Bandarini hapo mjini Zanzibar kulikuwa na kipimo cha kimo cha maji, kinafanya kazi tangu 1984, na kiliyaandika mawimbi yale vizuri kabisa. Kiliandika. Hakikutengenezwa kumwita mtu.

Tangu 2011 Bahari ya Hindi ina mfumo wake wa tahadhari, vituo vinavyotoa habari viko Australia, India na Indonesia, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kile kipimo cha mjini bado kinanifunza. Leo hii ukifungua tovuti moja inayoendeshwa kutoka Ostend, Ubelgiji, utaona mistari ya maji ya bandari za dunia, na ya Zanzibar imo. Nimewauliza wavuvi wa Malindi ya hapo mjini Zanzibar, wanaotia ngalawa zao hatua chache kutoka hapo, kama wanajua kuna kitu kama hicho. Mmoja akaniuliza mimi natafuta kura za nini.

Nina aibu yangu pia ya kusimulia, maana sipendi fundi anayesifu tu.

Miaka michache nyuma nilitega kihisi cha joto katika kijiji kingine, sikitaji. Nikakiwekea amri: maji yakipita nyuzi 33 kwa saa mbili, peleka ujumbe kwa simu za kina mama wote wa kikundi. Nilijiona mjanja. Siku ya kwanza ya bamvua, saa tano asubuhi, simu zikalia: hatari, nyuzi 41. Nyuzi 41! Kina mama wakaacha nyumba, wakakimbia pwani na ndoo na magunia kuokoa mwani. Wamefika, maji yamekupwa yote, nguzo yangu imesimama juu ya mchanga mkavu, na kihisi kimeota jua kama papa wa kukaushwa. Kilikuwa kinapima hewa. Kilichoniumiza zaidi kilikuja wiki tatu baadaye: kihisi kiko majini, joto kweli limepanda, ujumbe umekwenda, hakuna aliyenyanyuka. Walipoteza kamba nyingi. Mwenyekiti wa kikundi, mama wa heshima, hakunitukana. Alinambia tu, "Baba, mashine yako hata kukupwa kwa maji haijui?"

Ndiyo sababu chupa hii mnayoipitisha ina kihisi cha pili. Kina cha maji kikiwa chini ya kiganja, kinanyamaza. Kabla ya ujumbe wowote kutoka, itapigwa simu kwa watu wawili wa kamati walio karibu na maji, waguse, wathibitishe. Mhandisi mmoja aliniambia nimeharibu otomatiki kwa kutia watu katikati. Labda. Yeye hakukutana na mwenyekiti yule.

Sasa, je, namba zikija, zitafaa nini? Joto huwezi kulizima. Hapa nitawapeleka mbali kidogo, Oregon, pwani ya magharibi ya Marekani, kwenye ghuba ya Netarts. Kuna watu huko wanazalisha watoto wa chaza kwenye matangi na kuwauzia wafugaji. Mwaka 2007 na 2008 watoto wa chaza wakawa wanakufa, tangi baada ya tangi. Wakadhani ni vijidudu, wakasafisha maji, wakaendelea kufa. Mwishowe, pamoja na watafiti wa chuo kikuu cha huko, wakagundua kwamba upepo fulani ukivuma, maji ya kina kirefu yanapanda juu, na maji yale yamejaa gesi ya ukaa kiasi kwamba gamba changa haliwezi kujijenga. Wakaweka vifaa vinavyosoma maji mfululizo. Na vifaa vikawaonyesha jambo ambalo macho yasingeliona: asubuhi maji ni mabaya, jioni ni mazuri zaidi, kwa sababu mchana kutwa majani ya baharini yamo kwenye jua yanaivuta gesi ile. Basi wakaanza kujaza matangi alasiri, na siku mbaya wanatia magadi kupunguza ukali wa maji, yaani asidi yake. Bahari haikubadilika. Walibadilisha saa ya kufungua bomba.

Kwetu bomba ni nini? Mnaweza kuvuna wiki moja mapema mwani mdogo, uzito upungue lakini usiende wote. Mnaweza kuchelewesha kufunga mbegu mpya mpaka joto lishuke. Mnaweza kuhifadhi mbegu kwenye maji ya kina. Dk. Flower Msuya, mtafiti ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa miaka yake mingi na wakulima wa mwani, amekuwa akihimiza kulima kina kirefu ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mrija. Njia hiyo inataka boti, na inataka kujua kuogelea, na kina mama wengi hawakufundishwa kuogelea. Hilo ni somo la hotuba nyingine na ningependa alitoe mwanamke. Lakini nani aingie gharama ya boti bila kujua kama maji ya kina yana baridi kweli? Vihisi viwili, kimoja magotini na kimoja kule chini, vitatoa jibu kwa msimu mmoja.

Kuhusu vitu vingine vya kupima nitasema kwa ufupi. Chumvi ni rahisi, unapitisha umeme majini. Oksijeni inapimwa kwa mwanga, ni kifaa kizuri na ghali. Ukali wa maji msiununulie kifaa bado, hata mfadhili akikileta na utepe. Kinapoteza usahihi haraka, na kukirekebisha kunataka maabara. Tuanze na joto na kina, vitu viwili, tuvitunze mpaka tuvichoke.

Na kutunza maana yake ni kukwangua. Kitu chochote kikikaa majini mwezi mmoja kinaota: utelezi kwanza, kisha majani, kisha kome na vigamba. Kihisi kilichovaa gamba kinapima joto la gamba. Wenzetu matajiri wana brashi ndogo zinazojifuta zenyewe na wanazungushia shaba, kwa kuwa viumbe hawaipendi. Sisi tuna watu ambao babu zao walikuwa wakivipandisha vyombo pwani, wakivikwangua na kuvipaka deheni, wakijua kwamba chombo kisichopakwa kinaliwa. Fundi wa kukitunza kifaa hiki hatoki chuo kikuu. Yumo humu, na nadhani amekaa nyuma kule kwa wavuvi.

Nikiwageukia wavuvi: najua boya linavyokuwa. Kitu kinachoelea kinakusanya samaki chini yake, na mvuvi si mjinga, atakifuata. Katika Bahari ya Hindi kuna safu ya maboya makubwa inayoitwa RAMA, ya kuangalia pepo za msimu, kaskazi yetu na kusi yetu hii hii. Vyombo vya uvuvi vinajifunga kwayo, waya zinakatika, vihisi vinapotea. Hayo ni maboya ya mataifa. Hili letu ni chupa juu ya nguzo, na betri yake haiwezi kuwasha hata redio ya mkulima, nimekwisha kuijaribu, kwa hiyo msihangaike. Ila likiwa ni la "mradi", litaibwa. Nimeona paneli ya jua ya mradi fulani ikiendesha televisheni, na aliyenikaribisha kuitazama alikuwa mwenyeji mwema sana.

Kwa hiyo ombi langu kwa wageni wa mjini ni moja na nitalisema waziwazi. Namba zitakazotoka hapa ziandikwe kwanza kwenye ubao wa diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kwa chaki, kila siku baada ya alasiri: joto la juu la jana, la chini, na siku ngapi limepita 33. Baada ya hapo zipelekwe popote, wizarani, kwa watafiti, Ostend, zote ni kazi njema. Lakini zisipite juu ya vichwa vya watu hawa zikaenda kurudi kama ripoti ya kurasa 90 baada ya miaka miwili, kwa lugha ambayo bibi wa taitai haisomi. Na gharama ya mtandao wa simu ya kila mwezi, ambayo ni ndogo, kikundi kimesema kitailipa chenyewe. Mwenyekiti ameshaniambia bei ya mwisho, na katika kupatana bei mimi si mtu wa kushindana naye.

Nguzo tutaichimbia bamvua linalokuja, mwezi kumi na tano, saa nne asubuhi maji yakiwa yamekwenda. Nataka watu wawili wa kushika na mmoja mwenye nyundo. Mwanafunzi mmoja aje na ndoo ya barafu. Nani ana ngalawa ya kukipeleka kile cha kina kirefu?